Pile Chini ya Mihogo

Jirani yangu wa mkono wa kushoto, hapa Kasongo, anatengeneza simu. Saa tisa hivi za mchana anawasha mashine yake, anagusa risasi ya kuungia nyaya kwa chuma cha moto, na harufu inaruka ukuta na kuingia kwangu bila hodi. Ni harufu kali, yenye utamu kidogo wa utomvu unaoungua, inakamata nyuma ya pua na haitoki mpaka ule kitu. Wengine wanaikimbia. Mimi naisogelea. Binti yangu anasema siku moja watu watanikuta nimesimama ukutani pale kama mbuzi anayelamba chumvi.

Wiki iliyopita harufu hiyo ilinikuta katikati ya ugomvi. Binti huyo huyo, ana miaka kumi na tano na ulimi wa miaka arobaini, alikuwa ametandaza kaye zake za shule mbele ya televisheni. Tamthilia inaendelea, mwanamke analia, muziki unalia naye, na yeye anaandika hesabu zake bila hata kuinua kichwa. Nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono nizime. Hotuba nilikuwa nayo mdomoni, ndefu, yenye hadithi za sisi wa zamani. Ndipo harufu ya risasi ya jirani ikapita. Nikaurudisha mkono taratibu. Maana, wenzangu, niwaambie ukweli: mimi ni nani wa kumzimia mtu mashine?

Mimi nilikulia ndani ya redio. Baba alikuwa fundi wa redio, na meza yake ilikaa barazani, imejaa makovu meusi ya chuma alichokuwa akikipasha moto kwenye makaa ya babula. Redio iliyopona haikurudishwa kwa mwenyewe siku ile ile. Baba aliiacha iseme mchana mzima, kusudi isije ikamdanganya. Kwa hiyo zilisema tano, sita kwa pamoja. Moja inahubiri, moja inatoa habari za mbali, moja inapiga rumba, nyingine inachemka tu kama mafuta kwenye karai. Na mwisho wa meza, katikati ya misumari na nyaya, nilikaa mimi na kaye zangu. Sikujua kama kuna watoto wanaosoma kimya. Siku moja nilikwenda kusoma kwa rafiki yangu ambaye nyumba yao haikuwa na redio, nikasikia biki yangu inavyokwaruza karatasi, nikashindwa kabisa, nikakusanya vitu vyangu nikaenda zangu.

Mama hakuzipenda kelele zile. Alipigana na Baba kwa mambo mawili tu maisha yake yote: kelele, na kuuma pile, hizo betri za redio. Hilo la pile mtalielewa ninyi mliokulia kwetu. Pile ya redio ikianza kuchoka, unaianika juani inapata nguvu kidogo. Baba hakuwa na subira ya jua. Aliitoa, akaiingiza mdomoni, akaiuma ubavuni kwa nguvu mpaka bati likabonyea, akairudisha, na redio ikasema saa nzima zaidi. Mama alimwambia kila mara kwamba atakufa na meno meusi. Baba alicheka, na akicheka lilionekana lile jino lake la upande, limepanda juu ya wenzake kama mtu anayechungulia.

Hakufa kwa meno. Alilala siku tisa na homa, ya kumi akaenda, mvua za mwisho zikinyesha, nami nikiwa mwaka wa sita wa sekondari, mwaka wa egzetat, ule mtihani wa Serikali unaoamua kama umesoma au ulikuwa unatembea tu na kaye.

Dada yake alifika kutoka Kabambare siku ya tatu, juu ya pikipiki, matope mpaka magotini. Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye duka dogo la sabuni na chumvi kule kwao, na sauti ambayo haikuhitaji kupandishwa. Alikuja kumlindia Mama eda: miezi mine na siku kumi, nguo nyeupe, ndani ya nyumba nyuma ya pazia, bila manukato, bila ngoma. Na redio, kwa Shangazi, ilikuwa ngoma. Wateja wakaja mmoja mmoja kuchukua redio zao, meza ikabaki tupu. Ilibaki ile ya Baba mwenyewe tu, mgongo wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Shangazi akaifunika kitambaa kama anavyofunikwa mtu.

Matanga yalipokwisha, Shangazi aliomba kuona bultani yangu ya shule, karatasi ya alama zangu. Hakujua kusoma, lakini rangi nyekundu aliijua. Alipitisha kidole juu ya kemia, nyekundu, biolojia, nyekundu, hesabu, nyekundu. Akaniuliza ninasomea wapi. Nikamwonyesha meza. Akatingisha kichwa, akaamua palepale, mbele ya wakubwa wote waliokuwa barazani: mwaka huu nimalize kwa kuwa umekwisha anza, lakini nikianguka egzetat hakuna kurudia. Nitapanda pikipiki naye hadi Kabambare, kuna duka linatafuta mtu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayepanga mizigo. Wote wakageuka kulitazama pazia, kwa sababu Mama alikuwa nyuma yake.

"Atapita," Mama akasema.

Neno moja. Hakulieleza, hakuliongeza. Mimi ndiye niliyebaki nalo kichwani, na uzito wake ulikuwa kama gunia la mchele.

Basi nikaketi nisome. Loo! Kimya kile kilikuwa kikubwa kuliko redio sita. Nilisikia kuku anaparua nyuma ya jiko. Nilisikia mtungi unavuja tone moja moja. Nilisikia Mama anageuka juu ya mkeka wake, anavuta pumzi, anageuka tena. Ukurasa mmoja wa kemia ulinichukua mchana mzima, na nilipoufunga sikuwa na kitu. Siku ya pili vilevile, wiki ya pili vilevile. Duka la Kabambare nilianza kuliona hata nikifumba macho, na mimi ndani yake napima chumvi.

Nikafikiri kama mwizi. Nikafunua kitambaa, nikatoa pile nne kutoka redio ya Baba. Zilikuwa zimelala, zilihitaji jua. Lakini utaanika wapi pile mbele ya macho ya Shangazi? Uani kulikuwa na mkeka wa mihogo iliyoanikwa, myeupe, mizuri. Nikazifukia pile chini ya mihogo. Shabaha yangu ilikuwa hii: zikipata nguvu, Shangazi akilala baada ya sala ya adhuhuri, niichukue redio nyuma ya jiko, niifunike beseni, niipe sauti ndogo ya kunitosha mimi tu. Nilijiona mwerevu sana. Kosa langu lilikuwa la mtoto asiyewahi kufanya kazi ya jikoni kwa moyo wote, maana kila mwanamke wa Maniema anajua kwamba muhogo ulioanikwa lazima ugeuzwe.

Shangazi akaenda kuugeuza. Nilimwona kutoka barazani akiinama, mkono wake ukisimama, kisha ukitoka na pile moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Alichuchumaa pale juani akizizungusha vidoleni, polepole, moja baada ya nyingine, muda mrefu ajabu. Mimi nilidhani anachagua fimbo. Aliponyanyuka hakunitazama. Alinipita, akaingia nyuma ya pazia, akaziweka kwenye mapaja ya Mama, akatoka kwenda kutawadha ingawa haikuwa saa ya sala.

Nikaitwa. Mama alikuwa amekonda, nguo nyeupe imemzidi. Nilianza kulia kabla hajasema, nikamwambia yote, kwamba kimya kinanifunga kichwa, kwamba siwezi, kwamba Shangazi achukue tu pikipiki yake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza makamasi.

"Kama redio imekatazwa, basi wewe ndiyo utakuwa redio," akasema. "Kaa pale pa baba yako. Usome kwa sauti, mimi niko huku nasikia."

Nikamwambia masomo yako kwa Kifaransa. Akasema kila redio anayoijua iko na saa ya Kifaransa na saa ya Kiswahili.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kutangaza. Kila mchana nikitoka shule, isipokuwa Ijumaa, nilikaa kwenye meza ya Baba, mgongo kwa barabara, uso kwa pazia, nikasoma. Kifaransa kwanza, halafu Kiswahili. Siku za kwanza nilisoma kama mtu anayekimbizwa, nikitumaini Mama atachoka au atalala. Hakulala. Nilikuwa katikati ya asidi na chumvi zake, nimefika mahali ambapo mimi mwenyewe sielewi na ninapita haraka haraka, sauti ikatoka nyuma ya pazia, tulivu.

"Rudi nyuma. Hapo kunakwaruza."

Nikabisha. Nikasema nimesoma sawasawa, kila neno. Mama akasema maneno yako sawa, ni sauti iliyokwaruza. Sikuamini. Lakini nilirudi, nikaangalia, na kweli: pale pale ndipo nilipokuwa sijui. Kesho yake tena. Keshokutwa mara tatu. Mama hakuwa na habari ya kemia hata punje, lakini alikuwa ameishi miaka ishirini na fundi aliyetega sikio kwenye redio na kusema ugonjwa wake kabla ya kuifungua. Alijifunza hilo bila kutaka, huku akilalamikia kelele. Sasa ananifungua mimi.

Ilinikasirisha, msifikiri nilifurahi. Kuna siku nilitupa kaye chini. Kuna siku koo lilikauka nikasema redio imeharibika, na Shangazi, ambaye siku zote alikaa mlangoni akichambua majani ya sombe kama hasikii, akaenda jikoni akaniletea maji ya moto na tangawizi. Akaweka mezani. Akarudi kwenye sombe yake. Akasema tulikuwa tumefika kwenye moyo, damu chafu imeingia upande mmoja, inatoka wapi?

Kumbe alikuwa anafuatilia. Kuanzia siku hiyo hakuficha tena. Niliposhindwa kumaliza somo kwa sababu ya adhana, kesho yake aliniuliza ilikuwaje. Wadudu wadogo wasioonekana aliwakubali kwa urahisi, akasema majini pia hawaonekani. Lakini somo la urithi alilikataa kata kata. Nilieleza habari za padri mmoja wa zamani aliyepanda mbegu za njegere, akahesabu zipi zimetoka laini na zipi zenye mikunjo, akajua jinsi mtoto anavyochukua vitu kwa wazazi wake. Shangazi akaweka kisu chini. Akauliza mtu mzima amepoteza miaka kuhesabu njegere kwa ajili ya jambo hilo? Akakunja mdomo wake wa juu kwa kidole, akanionyesha: jino la upande, limepanda juu ya wenzake.

"Hili lilikuwa la babu yetu," akasema. "Baba yako alilichukua, na mimi nalo. Wewe fungua mdomo."

Nikafungua. Nalo lilikuwepo, lilikuwepo tangu zamani, lakini sikuwahi kulifikiria kama kitu cha mtu mwingine. Nyuma ya pazia Mama alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kilichokauka, cha kwanza tangu Baba atutoke, na mimi nikabaki na mdomo wazi ili nisikivunje.

Sitawachosha na siku za mtihani. Nitasema tu kwamba chumba kilikuwa kimya kile kile kilichonishinda nyumbani, na watoto mia wameinama. Nikasoma swali la kwanza ndani ya kichwa changu, kwa sauti, kama niko mezani. Mahali palipokwaruza nikapasikia mwenyewe. Nikarudi nyuma.

Halafu tukangoja. Kiangazi kikawa kikali, vumbi likaingia hata kwenye chumvi. Simu wakati huo zilikuwa za kuhesabika, na mwenye nayo alipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao. Matokeo ya egzetat yalisomwa redioni, jina kwa jina, shule kwa shule, na watu wote wa muji walijua. Mimi peke yangu nilikuwa mtoto wa fundi wa redio asiye na redio. Eda ilikuwa imebaki siku kumi na moja. Sikuthubutu kuomba. Niliapa moyoni kwamba nikisikia vigelegele vya jirani nitajua wamepita wao, na langu nitaliuliza shuleni nikiwa na ujasiri, au nisiulize kabisa.

Asubuhi waliyosema majina yatasomwa, niliamka nikaenda uani kugeuza mihogo. Siku hizo nilikuwa nimejifunza. Katikati ya mkeka, juu kabisa ya mihogo, wazi mbele ya Mungu na watu, zilikuwa zimepangwa pile nne.

Shangazi alikuwa anafagia. Hakuinua kichwa. Alisema, kama anayezungumza na fagio, kwamba amefikiri sana, na habari haiko ngoma.

Saa nane tukazirudisha ndani ya redio. Tukaiweka kwenye meza yake. Ikakohoa, ikasema, sauti ile ndani ya baraza ile. Lakini mnajua redio zetu: kabla ya majina ni muziki, na baada ya kila shule ni muziki tena. Muziki katika nyumba ya eda! Zaidi ya hayo unakula pile. Shangazi akaipunguza mpaka ikabaki mchakacho tu, akaligandisha sikio lake kwenye spika ili asikie mtangazaji akirudi. Kwa hiyo yeye aliyeipiga marufuku rumba miezi mine ndiye aliyeila yote siku hiyo, peke yake, macho ameyafumba. Mtangazaji akirudi, anaongeza. Shule ya kwanza. Ya pili. Ya tano. Sauti ikaanza kukonda. Nilizungusha, nikapiga ubavu wa redio kwa kiganja kama Baba. Mtangazaji akataja jina la shule yetu, na neno lake la mwisho likazama.

Shangazi akanitazama. Nikamtazama. Hakuna jua litakalofanya kazi kwa dakika moja. Ndipo pazia likatikisika.

"Muziume!" Mama akasema. "Munangoja nini? Muziume!"

Sikumsikia Mama akipaza sauti hivyo kabla wala baada. Nikafungua ule mpira wa baiskeli, nikachukua mbili, Shangazi akachukua mbili, na tukauma, mama mzima mwenye heshima zake na mimi, tumekabiliana kama mbwa juu ya mfupa. Ladha ya bati na chumvi bado naijua. Tukazirudisha. Redio ikavuta pumzi. Majina yalikuwa yamekwisha anza, herufi zinapanda, K, L, na mimi sikuweza kusikiliza, niliziba masikio kama mjinga, kwa hiyo jina langu sikulisikia kwa masikio yangu. Niliona tu uso wa Shangazi. Kisha nikasikia Mama nyuma ya pazia akirudia, polepole, kama anasoma yeye: "Mwamini. Hamsini na tatu."

Hamsini na tatu kwa mia si nyingi, na siku hizi binti yangu anapenda kunikumbusha. Kwangu ilikuwa bahari. Waliopita hujimwagia poda wakakimbia barabarani. Katika nyumba ya eda poda haikuwepo, kwa kuwa ina manukato. Shangazi akaingia jikoni, akatoka na kibakuli cha unga wa mihogo, akanimwagia wote kichwani. Mama akasema tuzime sasa, inatosha. Tukazima.

Eda ilipokwisha, Mama akaoga, akatoka, na Shangazi akafunga mzigo wake. Mama alimwambia achague chochote cha ndugu yake akipeleke. Alichagua zile pile nne. Zilikuwa zimekufa kabisa. Nikacheka waziwazi, nikamwambia Shangazi, kule Kabambare zinauzwa mpya. Akasema anajua, ni yeye anayeziuza. Akazifunga kwenye pindo la kikwembe, akapanda pikipiki.

Shangazi alitutoka mwaka juzi. Nilikwenda matangani, na katika sanduku lake, chini ya nguo zake nzuri, nilizikuta zimevikwa kitambaa cheupe. Kutu imezila kingo. Nikazizungusha vidoleni, juani, kama yeye alivyozizungusha ile siku ya mihogo, na hapo ndipo nikaona alichokuwa anakiona: alama za meno, na moja imekaa kando, imepanda juu ya wenzake. Mimi nilidhani anachagua fimbo. Miezi mine na siku kumi nilimwona kama askari aliyeletwa kulinda huzuni ya Mama, wala siku moja sikuwaza kwamba aliyefunikwa udongo alikuwa ndugu yake wa tumbo moja, na kwamba yeye hakupewa nguo nyeupe, wala pazia, wala mtu wa kumsomea.

Nilizileta Kasongo kwa Mama. Macho yake yamechoka sasa, anaona kwa vidole. Alizipokea, akapitisha dole gumba juu ya kila alama, mbele na nyuma, akirudi, akitafuta. Baba aliziuma. Shangazi aliziuma. Mimi niliziuma. Alitafuta muda mrefu, na mimi sikumharakisha.

"Miaka makumi mbili nilimukataza," akasema mwisho. "Na sasa sijui ni zipi zake."

Akazifunga tena zote nne, akaziweka chini ya mto wake.